Miungu Mjini: Uanze na Riwaya Ipi?

Riwaya za kifantasia zinazochanganya miungu ya mataifa mbalimbali ndani ya jiji la leo zimekuwa nyingi kiasi kwamba anayetaka kuanza hajui ashike ipi. Jalada moja lina Odin, la pili lina Anansi, la tatu lina Zeus anayeishi juu ya ghorofa la New York, na yote yanakuahidi jambo lilelile: wale wa hadithi za kale hawakufa, wamehamia mjini. Kuuliza ni kitabu kipi chenye miungu mingi zaidi hakusaidii kitu. Swali la maana, kwa maoni yangu, ni hili: mungu huyu akiwa mjini anakula nini? Anaishi kwa riziki gani? Mwandishi aliyelijibu swali hilo ana riwaya mkononi. Asiyelijibu ana orodha ya majina.

Nitapima kwa swali hilo vitabu hivi: American Gods cha Neil Gaiman (2001), Shigidi and the Brass Head of Obalufon cha Wole Talabi (2023), Rivers of London cha Ben Aaronovitch (2011), Hounded cha Kevin Hearne (2011), na vile vya Rick Riordan vilivyoanza na The Lightning Thief (2005). Vyote vimeandikwa kwa Kiingereza, na si Kiingereza cha uzito mmoja, kwa hiyo hilo nalo nitaligusia.

Wanaokula imani: Gaiman na Talabi

Hawa wawili wanafaa kuwekwa bega kwa bega kwa sababu wanatoa jibu moja kisha wanaachana njia.

Kwa Gaiman, mungu anakula imani. Watu waliokwenda Marekani, wengine kwa hiari na wengine kwa minyororo, walikwenda na miungu yao kichwani. Vizazi vikapita, wajukuu wakasahau, na miungu ikabaki ugenini bila sadaka. Sasa kila mmoja anahangaika kivyake. Czernobog, mungu wa giza wa Waslavi, ni mzee anayeishi kwenye nyumba ya kupanga Chicago pamoja na kina Zorya, dada watatu. Zamani alifanya kazi machinjioni. Kazi yake ilikuwa kuwapiga ng'ombe nyundo ya kichwa. Tazama jinsi kazi hiyo ilivyochaguliwa: damu ipo, nyundo ipo, kilichokosekana ni mtu wa kutaja jina lake wakati damu inamwagika.

Mhusika mkuu, Shadow, ametoka gerezani siku chache kabla ya muda wake kwa sababu mkewe amefariki katika ajali ya gari. Anaajiriwa na mzee mjanja anayejiita Wednesday kuwa mlinzi wake, na safari yao inawafikisha kwa Czernobog. Pale sebuleni Shadow anacheza naye drafti. Dau ni hili: Shadow akishinda, mzee atajiunga na vita ambavyo Wednesday anaviandaa dhidi ya miungu mipya, mzee akishinda, ana haki ya kumpiga Shadow nyundo moja ya kichwa. Hakuna muujiza wowote, ni kete zinasogea tu na mzee anagugumia kama wazee wa drafti popote walipo, lakini ukimaliza kurasa hizo chache umeshajua kitabu hiki kinacheza kwa dau gani.

Mbele zaidi, katika mji mdogo wa Cairo, jimbo la Illinois, Thoth na Anubis wa Misri ya kale wana nyumba ya kuandaa mazishi. Wanajiita Bwana Ibis na Bwana Jacquel. Jacquel ndiye anayepasua maiti, na akiwa kazini hukata vipande vidogo vya viungo akavitia mdomoni. Anubis alikuwa akishughulika na mioyo ya wafu, na bado anashughulika nayo. Hapo ndipo kitabu hiki kinapowazidi wengi: kila mungu amepata ajira inayofanana na ibada yake ya zamani, tena ajira ya kimaskini.

Udhaifu wake ni mwendo. Ni kitabu kirefu, na Shadow ni mtu wa maneno machache ambaye mara nyingi mambo yanamtokea badala ya yeye kuyafanya. Kuna kipindi kirefu katika mji wa theluji ambapo msomaji mwenye haraka atakiweka kitabu chini. Miungu mipya nayo, ya televisheni na kompyuta, imechakaa kuliko ile ya kale. Yule kijana wa kompyuta aliyetisha mwaka 2001 leo anachekesha kidogo.

Talabi, Mnigeria na mhandisi kwa taaluma, naye anasema miungu inakula imani, ila yeye ameileta na daftari la hesabu. Katika riwaya yake miungu imejiunga katika makampuni. Sala ni mapato, waumini ni soko, na miungu ya Kiyoruba iko chini ya kampuni yenye bodi na vikao na fitina za ofisini. Shigidi ni mungu wa jinamizi, yule anayeitwa na watu wanaotaka adui yao akabwe usingizini, na katika kampuni yuko ngazi ya chini kabisa: umbo baya, kipato kidogo, wakubwa wasiomjali. (Msomaji wa Unguja au Pemba anayekumbuka hofu ya Popobawa mwaka 1995 hatahitaji kuelezwa jinamizi ni nini.) Shigidi anakutana na Nneoma, pepo wa kike anayewanyonya wanaume roho zao kitandani, na wawili hao wanaacha ajira na kuanza kujitegemea. Kazi kubwa wanayopewa ni kuiba kichwa cha shaba kutoka British Museum, London.

Wizi huo una uzito kwa anayejua historia. Mwaka 1938 vilichimbuliwa vichwa vya shaba huko Ife, Nigeria, na kimoja kimo British Museum tangu 1939. Kwa hiyo unaposoma jinsi mungu wa Kiyoruba anavyopanga kupenya kwenye jumba lile, neno mwizi linaanza kuyumba: ni nani hasa wa kuitwa hivyo?

Kati ya hivi viwili, Talabi ana kasi, mapenzi, mapigano na vicheko. Gaiman ana kina na huzuni. Miungu ya Gaiman imekonda kwa njaa. Ya Talabi inalalamikia mshahara. Talabi anaruka mbele na nyuma katika wakati, sura hii mwaka huu, sura ile karne nyingine, na usipotazama tarehe iliyoandikwa mwanzoni mwa sura utapotea. Halafu kina mambo ya watu wazima kwa wingi, kwa sababu kazi ya Nneoma ndiyo hiyo. Usikiache mezani ukadhani ni cha mtoto kwa kuwa jalada linavutia.

Anayekula mto: Aaronovitch

Rivers of London kinajibu swali letu kwa namna nyingine kabisa, na kwangu hili ndilo jibu zuri kuliko yote: mungu anakula mahali. Mto ukiwepo, mwenye mto yupo.

Peter Grant ni konstebo wa polisi London. Mama yake anatoka Sierra Leone, baba yake ni mpigaji jazi. Usiku mmoja wa baridi kali amewekwa kulinda eneo la mauaji Covent Garden, na shahidi anayejitokeza kutoa maelezo ni mzimu. Peter anafanya alichofundishwa chuoni: anatoa kijitabu na kuanza kuandika maelezo ya shahidi. Kitabu kizima kinakwenda kwa roho hiyo. Uchawi upo, sawa, lakini fomu zijazwe na ripoti iandikwe. Tena uchawi unaua vifaa: ukiutumia karibu na simu, chipu za ndani zinageuka unga, na Peter analijua hilo kwa hasara.

Mto Thames una wenyewe wawili. Baba Thames ni wa zamani sana, na aliuacha mji baada ya uvundo mkubwa wa mwaka 1858. Hicho si kisa cha kubuni: majira ya joto ya mwaka huo maji machafu ya jiji yalijaa mtoni hadi wabunge walishindwa kukaa bungeni kwa harufu, na ndipo ukajengwa mfumo mkubwa wa majitaka wa mhandisi Joseph Bazalgette. Katika riwaya, Baba Thames alipanda juu ya mto na kiti cha mjini kikabaki wazi. Karne ikapita. Kisha akaja binti kutoka Nigeria kusomea uuguzi, maisha yakamshinda, akajirusha mtoni kutoka London Bridge. Mto ukamjibu. Huyo ndiye Mama Thames.

Mwandishi angeweza kumleta Oshun, mungu wa kike wa mto wa Wayoruba, kutoka Nigeria akampa pasipoti, kama wengine wanavyofanya. Hakufanya hivyo. Mhamiaji anapewa mto wa wenyeji, na mto unamkubali. Binti zake ni vijito vya London: Fleet, Tyburn, Effra, Beverley Brook. Baadhi ya vijito hivyo, katika jiji halisi, vimefunikwa na vinapita kwenye mabomba chini ya barabara. Magari yanapita juu na watu hawajui. Tyburn ni binti wa hadhi, anajuana na wakubwa, anaamini yeye ndiye angepaswa kuendesha kila kitu. Kila familia yenye mabinti wengi inamfahamu.

Na adabu za ugenini zimo. Peter anapokwenda kwa Mama Thames ameonywa asile wala asinywe kitu chochote, maana ukila cha mwenye nguvu umejifunga naye. Msomaji aliyelelewa na visa vya majini hatashangaa. Peter mwenyewe, mtoto wa mama wa Kiafrika, anajikuta katikati: kukataa chakula cha mama mtu mzima ni utovu wa adabu, kukubali ni hatari.

Hasara? Mambo ya mauaji yenyewe yamejengwa juu ya mchezo wa vikaragosi wa Punch na Judy, ambao Mwingereza ameuona tangu utotoni na sisi wengi hatukuuona. Soma habari zake kidogo kabla, la sivyo theluthi ya mwisho itakupita. Pia Aaronovitch anapenda kusimamisha hadithi akaeleza usanifu wa jengo fulani. Mimi napenda, wapo wanaoruka. Na kama huvutiwi na hadithi za polisi, hiki hakitakubadilisha. Ukinunua nakala ya Marekani utaona jina Midnight Riot, ni kitabu kilekile, usije ukanunua mara mbili.

Kwa anayetaka burudani: Hearne

Kama unataka kila mtu awemo na mambo yaende mbio, Hounded. Atticus O'Sullivan ni druidi, yaani kuhani na mganga wa kale wa Ireland, mwenye miaka 2,100 na sura ya kijana wa miaka 21. Anauza vitabu na majani ya dawa Tempe, Arizona, kwa kuwa jangwa lile liko mbali na adui zake wa kale. Katika mfululizo unaoanza na kitabu hiki wamo miungu ya Ireland, Thor, Coyote wa wenyeji wa Marekani, wachawi, wanyonya damu, na mwanasheria ambaye ni mbwamwitu. Mbwa wake, Oberon, anazungumza naye kwa mawazo, na Oberon ndiye sababu ya wengi kuendelea hadi sehemu ya 9, iliyotoka 2018.

Kwa kipimo chetu cha riziki, hapa pana upungufu. Miungu ipo kwa sababu watu wanaamini, imesemwa hivyo, lakini hakuna anayeonekana kuumia kwa hilo. Wanaingia, wanapigana, wanaondoka. Ni kitabu cha safari ya basi refu, na kwa kazi hiyo ni kizuri.

Kwa kijana wa miaka 10 hadi 14: Riordan

Hapa sina mjadala mrefu, Riordan hana mpinzani wa karibu kwa umri huo. Percy Jackson ni mvulana mwenye tatizo la kusoma na la kutotulia darasani, na anagundua kwamba herufi zinamruka kwa sababu ubongo wake umeundwa kwa Kigiriki cha kale, na kutotulia kwake ni wepesi wa mwanavita. Riordan alianza kumsimulia hadithi hiyo mwanawe mwenye matatizo hayohayo. Ukiwa na mtoto anayeambiwa shuleni kwamba ni mzito, mpe.

Olimpo iko ghorofa ya 600 ya Empire State Building, jengo ambalo kwa kweli lina ghorofa 102. Kwa nini New York? Kitabu kinasema miungu huhama kufuata mahali moyo wa ustaarabu wa Magharibi ulipo. Mimi maelezo hayo yananikwaza, na kijana makini atauliza: sisi wengine je? Jibu lake bora limo katika mfululizo mwingine wa mwandishi huyohuyo, The Kane Chronicles (2010 hadi 2012), wenye miungu ya Misri na ndugu wawili wa baba mweusi mtaalamu wa Misri ya kale. Kaka, Carter, ni mweusi; dada, Sadie, ni mweupe; na namna watu wanavyowatazama tofauti imesemwa wazi, kwa lugha ya mtoto.

Ila kumbuka unachotafuta. Riordan hutenga: Wagiriki mfululizo wao, Misri wao, Skandinavia wao. Kukutana kwao kumewekwa kwenye hadithi fupi, ya kwanza ikiwa The Son of Sobek (2013). Anayetaka mchanganyiko ndani ya kitabu kimoja hataupata hapa.

Suala la dini

Wapo watakaosita kwa neno miungu lenyewe, na si vibaya kusita. Vitabu hivi havilingani kwa hilo.

Riordan ndiye mwangalifu zaidi. Katika kitabu cha kwanza mwalimu Chiron anamwambia Percy kwamba Mungu mmoja wa dini kubwa ni jambo jingine ambalo hawatalizungumzia. Katika mfululizo wake wa Skandinavia, ulioanza 2015 mjini Boston, yumo Samirah, msichana Mwislamu anayevaa hijabu na kuswali huku akifanya kazi ya Valkyrie, yaani mchukuaji wa roho za mashujaa waliokufa. Kwake Allah ni mmoja, na wale kina Odin ni viumbe wenye nguvu tu, hawaabudiwi. Nimeona wazazi wakitulia baada ya kusimuliwa hivyo.

Hearne yuko upande wa pili: katika sehemu ya 3, Hammered, Yesu mwenyewe anaingia baa kuzungumza na Atticus. Imeandikwa kwa utani usio na chuki, lakini kama litakuudhi, litakuudhi, na ni afadhali ulijue sasa. Aaronovitch hagusi dini kubwa kwa undani. Gaiman na Talabi wanaigeuza imani kuwa chakula na biashara. Mkristo au Mwislamu anaweza kuvisoma kama visa vya njaa na tamaa bila kutikiswa, ila si vitabu vinavyoomba radhi.

Kiingereza chake

Chepesi kuliko vyote ni Riordan, halafu Hearne. Gaiman anaandika sentensi rahisi. Kinachochosha kwake ni urefu, wala si msamiati. Talabi ni wa kati, na Kiingereza chake kina ladha ya Lagos ambayo msomaji wa Afrika Mashariki ataizoea upesi. Aaronovitch ndiye mgumu: misimu ya polisi, mizaha ya London, na vifupisho vya ofisi visivyoelezwa.

Kuna kitabu cha sita sikukiweka kwenye ushindani kwa kuwa nusu yake ni sayansi ya kubuni: Lagoon cha Nnedi Okorafor (2014). Wageni kutoka anga za mbali wanatua baharini mbele ya Lagos, na jiji linapotaharuki miungu inatoka mafichoni. Legba, mungu wa njia panda, yuko kwenye mgahawa wa intaneti pamoja na matapeli. Barabara kuu yenyewe ni zimwi linalokula wasafiri. Buibui chini ya ardhi anasuka hadithi yote. Kina mazungumzo ya pijini, na nyuma wameweka faharasa ya maneno. Aliyempenda Talabi akisome mara moja.

Kama bado hujaamua, usianze na tamthilia ya televisheni ya American Gods: ilikatizwa 2021 baada ya misimu 3, hadithi haijaisha. Fanya jaribio hili badala yake. Ndani ya riwaya hiyo kuna kisa kinachojitegemea cha Salim, kijana wa Oman aliyetumwa New York kuuza vikorokoro vya biashara ya shemeji yake. Anashinda kutwa nzima ofisini kwa mteja ambaye hamwoni, anatoka mvua inanyesha, anapanda teksi. Dereva amechoka hadi anasinzia kwenye foleni. Wanasemezana Kiarabu, miwani ya dereva inateleza, na Salim anaona macho ya moto. Ni ifriti. Analalamika kwamba watu wanadhani majini wanatimiza matakwa, wakati angekuwa na uwezo huo asingekuwa anaendesha teksi. (Usiku unaofuata una mapenzi ya wanaume wawili, ujue kabla.)

Ni kurasa chache. Ukizimaliza na unataka kujua Salim atafanya nini asubuhi, chukua American Gods, na kwa usomaji wa kwanza nakala ya 2001 inatosha. Ile ya 2011 imeongezwa maneno kama 12,000 na mwendo unazidi kuwa mzito. Ukizimaliza ukaona ungependa zaidi kukaa kwenye teksi ile, mjini, na dereva yule akichekesha, nenda Rivers of London. Na kama hasira yako imeishia kwa yule mteja aliyemweka mtu kutwa nzima bila kumwona, Shigidi atakufaa.